Binti anataka kusomea muziki, ukoo ukauliza swali la maana

Mzazi mwenzangu, mtoto uliyemnunulia sare na madaftari kwa fedha za pamba tangu kidato cha kwanza akikuambia kwamba chuo kikuu anataka kwenda kusomea muziki, utamjibu nini?

Swali hilo liliingia nyumbani kwetu hapa Bariadi siku chache baada ya matokeo ya kidato cha sita kutoka. Binti yangu ana miaka 19, ni kifunguamimba, na alifaulu vizuri masomo yake ya Historia, Kiswahili na Kiingereza. Kwa ukoo wetu hesabu ilikuwa imekwisha. Atasoma sheria, na ikishindikana sheria basi ualimu kama mama yake. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na baba yake ni mkulima wa pamba upande wa Itilima. Katika familia ya namna hii mtoto wa kwanza kufika chuo kikuu si wa baba na mama peke yao. Baba wakubwa, mashangazi na wajomba wote wana hisa kwake, maana kuna siku aliyemlipia nauli ya shule alikuwa mmoja wao.

Kwa hiyo tuliita kikao.

Wifi yangu ndiye aliyeanza. "Ngoma hata mimi nimecheza," alisema, "na sikulipa ada kwa mtu." Watu walicheka, naye akaendelea bila kucheka. Alisema msichana akishajulikana kwamba ni mtu wa kupigapiga vyombo, wenye ng'ombe wa mahari hawapiti tena njia hiyo. Mjomba wake naye akataja kozi moja baada ya nyingine: sheria, ukunga, uhasibu, ualimu. Kila akitaja moja alikuwa anakunja kidole, na vidole vilipokwisha akauliza, "Muziki niuweke wapi?"

Binti alijibu kwa adabu. Alisema kinanda cha kanisani alikianza akiwa darasa la sita, na zeze la babu yake lililokuwa limetundikwa ukutani alilifunga uzi mpya yeye mwenyewe. Halafu akatoa simu akawaonyesha video aliyotumiwa na mwalimu wake wa kwaya. Watu wanne wamekaa nusu duara, wawili wana fidla, mmoja ana viola, ambayo ni fidla kubwa kidogo yenye sauti nzito, na mmoja ameegemeza selo katikati ya magoti. Wote wanne ni walimu wa chuo kikuu kimoja huko Marekani. "Hawa ndio wanaofundisha," alisema, "na ndio wanaopiga."

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, alikuwa hajasema kitu. Ni mzee wa maneno machache. Aliitazama ile video mpaka mwisho, akairudisha simu, akanigeukia. "Mwalimu," alisema, "na hao watakaomfundisha huyu mtoto hapa kwetu, wao wenyewe wanapiga? Maana mimi bugobogobo sikufundishwa na mtu aliyekaa kivulini."

Nikaomba wiki mbili nikamtafutie jibu. Hiki ninachokuandikia ndicho nilichokipata, na naona kinamhusu mzazi yeyote, hata kama mtoto wake anataka kusomea ufundi bomba.

WANNE WASIO NA KIONGOZI MBELE

Nilianza na lile kundi la kwenye simu, kwa sababu nilitaka kujua kwa nini chuo kikuu kilipe mshahara watu wanne wakae pamoja wapige nyuzi. Kundi la namna hiyo huitwa kwateti. Halina mtu wa kusimama mbele na kijiti kama mwalimu wa kwaya. Wote wanne wanaanza pamoja kwa kuvuta pumzi na kutazamana, na ikibidi kupunguza mwendo, wanapunguza kwa kusikilizana. Mmoja akitaka kusikika kuliko wenzake, kazi nzima inaharibika.

Utaratibu wa chuo kikuu kuwa na kwateti yake una historia inayogusa. Mwezi Mei 1940 kundi la Pro Arte kutoka Ubelgiji lilikuwa Madison, katika jimbo la Wisconsin, Marekani, likipiga mfululizo wa tungo za Beethoven katika ukumbi wa chuo kikuu. Wakiwa huko, tarehe 10 Mei, majeshi ya Ujerumani yaliivamia nchi yao. Nyumbani hapakurudika. Mpiga selo wao, Robert Maas, alikuwa amebaki Ubelgiji, na mwanzilishi wao, Alphonse Onnou, alifariki dunia huko huko Madison kabla mwaka haujaisha.

Chuo Kikuu cha Wisconsin kikawapa makao. Watu waliokuja kama wageni wa maonyesho ya siku chache wakawa wakazi, wakapiga na kufundisha. Wanaolisimulia jambo hili huihesabu kuwa kwateti ya kwanza kuwekwa na chuo kikuu kikubwa kwa mtindo huo, na baadaye vyuo vingine vingi vikafuata. Wale wa 1940 walishaondoka duniani, lakini Pro Arte ipo mpaka leo katika chuo hicho hicho. Mmoja akistaafu anaingia mwingine, zaidi ya miaka 80 sasa.

Nilipomsimulia mume wangu, alinyamaza kidogo, akasema, "Kumbe chuo kiliwachukua kama tunavyomchukua mtu aliyekosa kwao." Nikamwambia ndiyo, ila hawakukaa kula bure. Walilipa kwa kufanya kazi yao mbele ya wanafunzi.

Hapo nikaona jambo ambalo mimi kama mwalimu nalijua miaka yote. Mwanafunzi wa fidla anaweza kuelezwa kwa maneno namna ya kushika upinde. Lakini akimwona mwalimu wake akitokwa jasho jukwaani, akimwona anamsikiliza mwenzake, akimwona asubuhi anarudia mahali pale pale palipomshinda jana, anajifunza kitu ambacho hakuna anayeweza kukiandika ubaoni. Anajifunza kwamba hata mkubwa anafanya mazoezi.

BAGAMOYO WALITANGULIA

Swali la shemeji lakini lilikuwa la hapa kwetu. Hapo jibu la kwanza nililipata Bagamoyo.

Miaka ya 1960, baada ya Uhuru, Serikali iliunda kikundi cha taifa cha ngoma, kikakusanya wasanii kutoka makabila mbalimbali. Kikundi kile kilipokwisha, mwaka 1981 kilianza Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na baadhi ya wasanii wale wakawa walimu. Leo chuo hicho kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, wengi tunakijua kwa jina la TaSUBa. Walimu wa chuo walikuwa na kundi lao la maonyesho, Bagamoyo Players. Mchana ni mwalimu wako, jioni unamwona jukwaani. Hawakushika fidla na selo, walishika ngoma, marimba na zeze, lakini utaratibu ni ule ule wa Madison: anayefundisha ndiye anayepiga.

Aliyejulikana kuliko wote ni marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, fundi wa zeze na ilimba. Alifundisha Bagamoyo, na zeze lake lilimfikisha katika majukwaa makubwa ya Ulaya na kwingineko. Alifariki mwaka 2003. Watoto wake na wajukuu wake walikulia ndani ya kazi hiyo, wakimwona.

Jambo nililompelekea wifi yangu ni hili. Mwaka 2024 binti yake Zawose, anayeitwa Pendo, na mjukuu wake Leah, walitoa albamu yao inayoitwa Maisha kupitia kampuni ya Real World ya Uingereza. Kwa miaka mingi wanawake wa ukoo ule walisikika nyuma ya wanaume. Sasa wako mbele, na jina lao ni Zawose Queens. Wifi aliitazama picha yao kwenye simu kwa muda mrefu. Hakusema amekubali. Aliuliza tu kama wameolewa, nikamwambia hilo sikulichunguza.

Zanzibar nako, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kilianzishwa Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kinachofundisha fidla, udi, ganuni na vyombo vingine vya taarabu. Kwa ngazi ya shahada, muziki unafundishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira kule Arusha. Kwa hiyo yule anayedhani hii ni ndoto ya mtoto wangu peke yake, njia ilishakanyagwa na wengi.

NA SISI WASUKUMA TULIKUWA NA NINI?

Nilipofika hapa nikagundua kwamba shemeji hakuliokota swali lake hewani. Amelitoa nyumbani.

Mzazi uliyekulia huku Simiyu, Mwanza au Shinyanga unawajua Wagika na Wagalu. Ni vyama viwili vya wachezaji wanaoshindana baada ya mavuno. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na anayevuta watu wengi zaidi ndiye mshindi. Hakuna jaji mwenye karatasi. Watazamaji wanapiga kura kwa miguu yao. Unaweza kuwa na maneno mengi, lakini uwanja ukihama kwako umehama.

Na bugobogobo, ngoma ya jembe, chanzo chake ni shamba. Watu walilima kwa kundi, ngoma ikiwapa mwendo, majembe yakipanda na kushuka pamoja. Kijana aliingia kwenye mstari kati ya wakubwa wawili. Akichelewa, jembe la jirani linamwambia. Akikimbilia mbele, anajikuta peke yake. Hakupewa somo la nadharia. Alipewa nafasi katikati ya watu wanaojua.

Ukisafiri kwa basi kutoka Bariadi kwenda Mwanza, ukishapita Lamadi na Magu, kabla hujaingia jijini unapita Kisesa. Hapo ndipo ilipo Bujora, makumbusho ya Wasukuma iliyoanzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, miaka ya 1950. Kila mwaka karibu na mwezi Juni kuna sikukuu ya Bulabo, na ngoma zinashindana pale. Mtafiti wa Kimarekani, Frank Gunderson, aliziandikia nyimbo za kazi za Wasukuma kitabu kizima kilichochapishwa mwaka 2010. Nasema hivyo kwa sababu mjomba wa binti yangu aliuliza muziki auweke kidole gani. Wenzetu wanauweka chuo kikuu, na baadhi yao wamesafiri mpaka mashamba ya babu zetu kuutafuta.

SWALI LA CHAKULA LIPO PALE PALE

Sitaki kukudanganya, mzazi mwenzangu. Kujua historia ya Bagamoyo na Madison hakuleti mshahara. Mjomba aliuliza atakula nini, na swali lile ni la haki. Anayelipa ana haki ya kuuliza.

Tulilijibu kwa ukweli. Kazi za muziki zenye mshahara wa kila mwezi ni chache. Kuna ualimu wa muziki, kuna kwaya na bendi, kuna studio, kuna sherehe, kuna kutunga muziki wa matangazo na filamu. Wengi wanachanganya mbili au tatu ndipo wanajikimu. Mtoto anayeingia huko aingie akijua. Lakini pia pale kikaoni kila mmoja wetu anamjua kijana mwenye shahada nzuri ya fani nyingine ambaye leo anaendesha bodaboda pale stendi. Shahada yenye jina zito haikumpa kazi, na hakuipenda tangu mwanzo. Alisoma kwa sababu sisi wakubwa tuliitaka. Huyo amekosa mara mbili.

Kwa hiyo sikukiambia kikao kwamba muziki unalipa kuliko sheria. Nilisema kwamba mtoto aliyejifunza fani yake kwa watu wanaoifanya kweli, ana nafasi ya kusimama hata soko likiwa gumu. Na aliyejifunza kwa watu wanaoisoma tu kwenye makaratasi, hata fani ikiwa ya heshima namna gani, anatoka na cheti na mikono mitupu.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KUUZA NG'OMBE

Kutokana na swali lile moja la shemeji tulitengeneza mengine, nami nakupa uyatumie kwa fani yoyote.

Kwanza, nani atamfundisha mtoto, na mtu huyo anafanya kazi hiyo wapi nje ya darasa? Kwa muziki, anapiga chombo gani na amepiga wapi karibuni. Kwa ufundi, amejenga nini. Kwa kilimo, shamba lake liko wapi.

Pili, wanafunzi wanawaona walimu wao wakifanya kazi pamoja? Mwalimu mmoja hodari ni neema. Walimu wanne wanaosikilizana ni shule.

Tatu, mtoto atapata muda gani wa kukaa na mwalimu ana kwa ana? Fidla au kinanda havifundishiki kwa darasa la watu mia moja.

Nne, vyombo vipo, au kila mwanafunzi aje na chake? Gharama hii haionekani kwenye karatasi ya ada, nayo inaweza kukukamata katikati ya mwaka.

Tano, waliomaliza wako wapi? Omba kuongea na wawili. Wao hawatangazi kozi, watakuambia hali ilivyo.

Sita, kozi inatambuliwa? Kwa shahada angalia TCU, kwa stashahada angalia NACTVET, na suala la mkopo ulizia Bodi ya Mikopo mapema, usisubiri dirisha lifungwe.

Mtoto mwenyewe ndiye apige simu na kutafuta majibu hayo, wewe ukiwa umekaa pembeni. Ukimwona anachoka kwenye swali la tatu, umejua kitu. Binti yangu alijaza daftari. Aliniletea majibu yaliyompendeza na yaliyomtia hofu, yote, nami nikaona kwamba huyu mtu hakurupuki.

KIKAO CHA PILI

Wiki mbili zilipokwisha tulikaa tena. Niliwasomea daftari la mtoto, mwanzo mpaka mwisho. Mjomba bado anaona sheria ingekuwa bora, na alisema wazi kwamba hatabadilisha mawazo yake kwa ajili ya video. Wifi alisema msichana aende, ila kila likizo arudi nyumbani, asituletee habari za mtaani. Mume wangu, ambaye katika vikao vyote viwili hakuzungumza zaidi ya dakika tano, alisema fahali mmoja atauzwa kwa ajili ya mwaka wa kwanza, na wa pili abaki zizini mpaka tuone matokeo ya mwaka huo.

Shemeji aliuliza tena, "Kwa hiyo wanapiga?"

Binti akamjibu, "Wanapiga, baba mkubwa. Nimewasikia."

"Basi ukifika," alisema mzee, "usikae nyuma. Kaa karibu na mikono yao."

Sasa maombi yametumwa, Dar es Salaam na Makumira, nasi tunasubiri majina kama wazazi wengine. Hatujui kama atachaguliwa, wala kama mkopo utapatikana. Ninachokijua ni kwamba jioni wadogo zake wawili wamehama kwenye televisheni. Mmoja amechukua debe, mwingine amechukua njuga za babu, na dada yao ana zeze. Hakuna aliyewaita. Wanaanza kwa kutazamana, wanakosea, wanacheka, wanaanza tena, na baba yao akirudi shambani anasimama mlangoni na jembe begani mpaka wamalize.